Pikapu inapotoa kelele: Jinsi ya kutafuta chanzo kabla ya kununua vipuri

KATIKA sehemu nyingi za Kenya, pikapu ndiyo nguzo ya biashara ndogo ndogo. Ndiyo husafirisha kabeji za Kinangop hadi sokoni, maziwa ya Githunguri hadi kiwandani, miraa ya Maua hadi Nairobi, na saruji hadi vijiji ambavyo lori kubwa haliwezi kuvifikia. Siku gari hilo linapoanza kutoa mlio usioeleweka, au usukani unapoanza kutetemeka mikononi mwa dereva, mmiliki hukabiliwa na maswali mawili kwa pamoja: je, gari lingali salama barabarani? Na je, gharama ya kulitengeneza itakuwa kiasi gani?

Aghalabu majibu hutafutwa kwa kubahatisha. Makanika husikiliza kwa dakika moja, akatangaza kwamba beringi ya gurudumu imekufa. Beringi hununuliwa na kubadilishwa, lakini mlio hubaki pale pale. Kisha hushukiwa shokabsoba, na baadaye difu. Mwishowe mmiliki huwa amelipia vipuri vitatu ambavyo havikuwa na kasoro yoyote, ilhali chanzo halisi ni tope lililogandia ndani ya rimu.

Hasara ya namna hii inaweza kuepukwa. Kelele na mitetemo ya gari havitokei ovyo ovyo. Kila kipande kinachozunguka kina kasi yake, na kila kilicholegea kina wakati wake wa kugonga. Anayetambua ni wakati gani mlio hutokea, na unafuata kasi ya kitu gani, huwa amefanya sehemu kubwa ya kazi kabla ya kushika spana.

Umbile la pikapu

Pikapu hupiga kelele kuliko gari dogo la abiria kwa sababu ya jinsi ilivyoundwa. Kabini na sehemu ya mizigo ni vitu viwili tofauti vilivyofungwa juu ya chesisi ya vyuma viwili virefu. Baina yao mna vipande vya mpira ambavyo huzeeka, vikakauka na kupasuka.

Ekseli ya nyuma, katika pikapu nyingi, hukalia springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hizo zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Gari likiwa tupu huwa ngumu, na sehemu ya nyuma hurukaruka kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi kama mabati. Mruko huo wenyewe si ugonjwa.

Aidha, injini iko mbele na difu iko nyuma, kwa hivyo nguvu husafirishwa na mhimili mrefu unaoitwa propela. Katika pikapu nyingi propela hiyo imegawanywa vipande viwili, na katikati hushikiliwa na beringi iliyozungushiwa mpira. Ekseli inapopanda na kushuka kulingana na uzito wa mzigo, pembe ya propela nayo hubadilika. Ndiyo maana gari linaweza kuwa tulivu likiwa tupu, likaanza kutetemeka likishapakiwa magunia, au kinyume chake.

Maswali ya kwanza

Daktari hamwandikii mgonjwa dawa kabla ya kumhoji. Vivyo hivyo, gari lenye kelele linapaswa kuhojiwa kupitia kwa dereva wake. Kelele zilianza lini? Zilianza ghafla au zimekuwa zikiongezeka polepole? Ni kazi gani iliyofanyiwa gari muda mfupi kabla ya hapo?

Swali hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Ikiwa mtetemo ulianza siku tairi zilipobadilishwa, basi uchunguzi uanzie kwenye tairi. Ikiwa ulianza baada ya klachi kutengenezwa, kazi ambayo katika pikapu nyingi hulazimu propela kufunguliwa, basi propela ndiyo ya kwanza kuangaliwa.

Baada ya hapo, dereva aeleze mazingira. Je, mlio husikika gari likiwa limesimama? Huanza kwa kasi gani, na je, hutoweka kasi ikizidi? Hubadilika dereva anapokanyaga mafuta, anapoachilia, anapofunga breki au anapokata kona? Husikika asubuhi injini ikiwa baridi pekee, au baada ya mwendo mrefu? Majibu yaandikwe, kwa maana kumbukumbu ya mtu aliyeudhiwa na kelele haiaminiki sana.

Yasiyogharimu yatangulie

Kabla ya kulipeleka gari gereji, kuna mambo ambayo mmiliki anaweza kuyaangalia mwenyewe bila kutoa hata shilingi.

La kwanza ni nati za magurudumu. Nati zilizolegea hutoa mlio wa kugongagonga unaoongezeka, na mwisho wake gurudumu huweza kuchomoka gari likiwa mwendoni. Kila tairi linapobadilishwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

La pili ni vitu vilivyolegea: jeki chini ya kiti, spana nyuma ya kiti, mlango wa nyuma wa sehemu ya mizigo, minyororo yake, vyuma vya turubai, na gurudumu la akiba ambalo huning'inia chini ya gari. Gurudumu la akiba lililolegea hugonga kila gari linapopita shimo, na mlio wake hufanana kabisa na ule wa shokabsoba mbovu. Mlango wa nyuma ukishikwa na kutikiswa kwa mkono utajisema wenyewe.

La tatu ni tairi. Jiwe lililonasa kwenye meno ya tairi hutoa mlio wa tiki-tiki unaoharakisha kadiri gari linavyoharakisha. Tope lililokauka ndani ya rimu hulifanya gurudumu kuwa zito upande mmoja, na gari hutetemeka siku moja baada ya kupita njia mbovu. Kuosha rimu kwa ndani hutosha kuondoa tatizo hilo. Uvimbe wowote kwenye tairi ni ishara kwamba nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo halifai kutumika tena.

Makundi matatu ya kasi

Ikiwa hatua hizo hazikuzaa matunda, ni wakati wa kubaini ni kundi gani la vipande linalohusika. Makundi hayo ni matatu: magurudumu, propela na injini. Tofauti yao iko katika kasi ya kuzunguka.

Chukulia pikapu yenye magurudumu ambayo mzingo wake ni mita 2.2, ikienda kilomita 80 kwa saa. Kila gurudumu litazunguka takriban mara 10 kwa sekunde. Difu ya pikapu kwa kawaida huifanya propela izunguke takriban mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa hivyo propela itazunguka takriban mara 40 kwa sekunde, yaani mara 2,400 kwa dakika.

Mtetemo wa magurudumu kwa hiyo ni wa polepole. Mtu huuhisi kama mtikisiko unaoweza karibu kuhesabiwa, hasa kwenye usukani au kiti. Mtetemo wa propela ni wa haraka zaidi, na huhisiwa kama mvumo unaofinya masikio na kutetemesha sakafu. Simu nyingi za siku hizi zina kifaa cha kuhisi mtikisiko, na zipo programu zinazoonyesha idadi ya mitetemo kwa sekunde. Simu ishikwe na abiria, kamwe si dereva.

Injini nayo hutenganishwa kwa jaribio rahisi. Gari likiwa limesimama, injini ipandishwe mzunguko hadi pale ambapo mlio husikika barabarani. Ukisikika, basi chanzo ni injini au vinavyozungushwa nayo, wala si magurudumu. Jaribio la pili hufanywa mahali tambarare pasipo magari: kwa kasi ile ile ya gari, dereva abadilishe gia kutoka ya nne hadi ya tatu. Injini itazunguka haraka zaidi, ilhali magurudumu na propela vitabaki na kasi ile ile. Mlio ukipanda pamoja na injini, ni wa injini. Usipobadilika, ni wa propela, difu au magurudumu.

Magurudumu na beringi

Gurudumu ambalo uzito wake haujasawazishwa huanza kutetemesha gari katika kasi fulani, mara nyingi kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, na huenda likatulia kasi ikizidi. Mtetemo ukihisiwa zaidi kwenye usukani, magurudumu ya mbele ndiyo yanayoshukiwa. Ukihisiwa kwenye kiti na sakafu, chunguza ya nyuma. Tiba yake ni kusawazishwa kwa mashine, ambapo vipande vidogo vya chuma huwekwa kwenye rimu.

Mvumo mzito unaoongezeka kadiri kasi inavyoongezeka huwachanganya hata mafundi wenye uzoefu, kwa kuwa unaweza kutoka kwenye beringi au kwenye tairi lililochakaa bila usawa. Zipo njia tatu za kutofautisha. Kwanza, mlio wa tairi hubadilika gari linapotoka kwenye lami laini na kuingia kwenye lami yenye kokoto; wa beringi haubadiliki. Pili, tairi za mbele zinaweza kuhamishiwa nyuma. Mlio ukihama nazo, beringi haina hatia. Tatu, gari linapokata kona kuelekea kushoto, uzito huegemea upande wa kulia. Mvumo ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo mshukiwa mkuu.

Gurudumu likiinuliwa na kuzungushwa kwa mkono, beringi mbovu huhisika kama mchanga unaosagwa. Gurudumu likishikwa juu na chini na kutikiswa, halifai kucheza. Likicheza, beringi imelegea au kiungo cha usukani kimekwisha, na gari hilo lisiende mbali kabla ya kutengenezwa.

Propela na spaida

Kwenye ncha za propela mna viungo vyenye umbo la msalaba ambavyo mafundi huviita spaida. Kazi yake ni kuiwezesha propela kuzunguka ikiwa imeinama. Hata hivyo, kiungo hicho kina tabia yake: kikizunguka kwa pembe, upande wa pili huharakisha na kupunguza kasi mara mbili katika kila mzunguko. Spaida ya mbele na ya nyuma hufungwa zikiwa zimelingana ili kasoro ya moja ifutwe na ya nyingine.

Hapa ndipo makosa mengi ya gereji hutokea. Propela ikifunguliwa bila kutiwa alama, kisha ikafungwa kwa mpangilio mwingine, ulinganifu huo hupotea na gari huanza kutetemeka ingawa hakuna kilichovunjika. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kufungua, fundi apige mstari wa rangi unaopita kwenye vipande vyote viwili, kisha avirudishe kama vilivyokuwa.

Spaida iliyokauka grisi hutoa mlio mwembamba wa kurudiarudia, kama wa ndege, gari likienda polepole. Iliyolegea hugonga mara moja gari linapong'oka au dereva anapohamisha gia kutoka ya mbele hadi ya nyuma. Ikiwa gari hutetemeka kwa nguvu linapoondoka, hasa likiwa na mzigo, kisha likatulia, mpira wa beringi ya katikati ya propela uangaliwe kwanza.

Difu, gia na klachi

Difu yenye meno yaliyochakaa hulia kama king'ora chembamba. Dalili yake kuu ni kwamba mlio hubadilika kulingana na mguu wa dereva: huenda ukasikika anapokanyaga mafuta na kunyamaza anapoachilia, au kinyume. Kabla ya kununua difu nyingine, kiwango cha oili yake kipimwe. Difu nyingi hufa kwa sababu oili ilivuja na hakuna aliyeangalia.

Klachi na gia hupimwa gari likiwa limesimama, injini ikiwaka na gia ikiwa huru. Kelele ikianza pale pedeli ya klachi inapokanyagwa, beringi ya klachi imechoka. Ikisikika pedeli ikiwa imeachiliwa na kunyamaza inapokanyagwa, beringi iliyo ndani ya giaboksi ndiyo inayolalamika. Jaribio hilo la sekunde chache linaweza kumwepusha mmiliki na gharama ya kushusha giaboksi bila sababu.

Springi na breki

Mlio wa kukwaruza au kugonga nyuma gari linapopita matuta mara nyingi hutoka kwenye bushi za springi zilizoisha, au kwenye bolti zenye umbo la herufi U zinazoishikiza ekseli kwenye springi. Bolti hizo zikilegea, chuma kidogo kilicho katikati ya springi huweza kukatika na ekseli ikasogea. Gari hilo litaonekana kutembea upande kama kaa. Kupakia mzigo kupita kiasi huharakisha uharibifu huo.

Kwa upande wa breki, mtetemo unaotokea tu pedeli inapokanyagwa una maana kwamba diski au dramu imepoteza usawa wake. Ukihisiwa mikononi, ni diski za mbele. Ukihisiwa kwenye kiti, ni dramu za nyuma. Mlio mkali na mwembamba unaweza kuwa wa kibati kilichowekwa kwenye padi kwa makusudi, ili kionye kwamba padi inakaribia kwisha. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma ni habari nyingine kabisa: padi imekwisha na gari lisiendeshwe.

Injini na bisibisi ndefu

Injini ya dizeli ina mgongo wake wa asili, na si kila mgongo ni ugonjwa. Kinachopaswa kuzua wasiwasi ni mabadiliko. Mtetemo mkubwa injini ikiwa katika mzunguko wa chini, unaopungua ikipandishwa, unaweza kutokana na mipira inayoishikilia injini kuisha, au silinda moja kutochoma mafuta vizuri. Mkanda wa feni unaolia wakati wa kuwasha gari unaweza kupimwa kwa kunyunyiziwa maji kidogo. Mlio ukibadilika mara moja, shida iko kwenye mkanda au mahali unapopita.

Mnamo 1816, daktari Mfaransa René Laennec aliviringa karatasi na kuisikilizia kifua cha mgonjwa, na hapo ndipo chombo cha kusikilizia moyo na mapafu kilipoanzia. Mafundi wa jua kali wana chombo chao cha aina hiyo: bisibisi ndefu. Ncha yake huwekwa kwenye kifuniko cha alteneta, kisha pampu ya maji, kisha sehemu nyingine, na mpini ukaegemezwa kwenye mfupa ulio karibu na sikio. Mahali mlio unaposikika kwa nguvu zaidi ndipo penye chanzo. Anayefanya hivyo ahakikishe nguo, nywele na bisibisi yenyewe viko mbali na feni na mikanda.

Njia hiyo ni muhimu kwa sababu chuma husafirisha sauti. Kelele inayozaliwa kwenye difu inaweza kupita kwenye chesisi na kusikika chini ya miguu ya dereva. Kuna watu wengi waliobadilisha kipuri cha mbele kwa kosa la nyuma.

Tahadhari

Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee. Gari likalishwe juu ya stendi madhubuti, kwenye sakafu ngumu, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vizuizi. Mabomba ya mafuta ya injini za kisasa za dizeli yasilegezwe injini ikiwaka, kwa kuwa shinikizo lake linaweza kupenya ngozi.

Baadhi ya dalili hazina muda wa kuchunguzwa njiani. Dereva aegeshe gari mara moja ikiwa usukani unagonga na kulegea, gurudumu linayumba, taa ya oili imewaka huku injini ikigonga, breki zinakwaruza chuma kwa chuma, au kumetokea kishindo cha ghafla chini ya sakafu. Propela ikikatika upande wa mbele inaweza kuchimba barabara na kulipindua gari.

Kumweleza fundi

Mmiliki aliyefanya uchunguzi huu hahitaji kuwa makanika. Anahitaji tu kumweleza fundi mambo manne: mlio ni wa namna gani, hutokea kwa kasi gani, ni nini kinachoubadilisha, na ni nini kilichofanyiwa gari kabla haujaanza. Kisha aombe jambo moja zaidi, kwamba fundi aende naye barabarani ausikie mwenyewe kabla ya kufungua chochote.

Vipuri vibadilishwe kimoja kimoja, na gari lijaribiwe kila baada ya kubadilisha. Vikibadilishwa vitatu kwa mara moja na kelele ikaisha, hakuna atakayejua ni kipi kilichokuwa kibovu, na viwili vizuri huenda vimetupwa. Mmiliki adai kurudishiwa vipuri vya zamani na kuvikagua kwa macho yake: beringi iliyokufa huonyesha alama za kuliwa, spaida mbovu huwa na kutu na michirizi, na bushi iliyoisha huwa imepasuka.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika gari, beringi huvuma kwa siku nyingi kabla ya kusambaratika, na spaida hugonga kabla ya kukatika. Muda huo ndio nafasi ya mmiliki kutafuta chanzo kwa utulivu, kabla hajalazimika kukitafuta kando ya barabara usiku, akiwa na shehena ya kabeji inayonyauka.